Chombo hupita juu ya ubavu, si chini yake

Mhariri,

Tumesoma katika gazeti lako makala kuhusu upasuaji wa matundu madogo wa kifua. Ni jambo jema kwamba mada hii imetoka vyumba vya upasuaji ikamfikia msomaji wa kawaida, tena kwa lugha nyepesi. Hata hivyo, makala ilisema kamera "huingia ndani ya mapafu kunyonya maji", ikachanganya taratibu mbili zisizofanana, na mchoro ulioambatana nayo ukaonesha chombo kikipenya kwa kubana ukingo wa chini wa ubavu. Maneno tungeweza kuyavumilia. Mchoro hapana. Mwanafunzi wa uuguzi au wa udaktari akiukata na kuubandika ukutani, atakuwa amejifunza namna ya kumtoboa mgonjwa mshipa wa damu.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umetandikwa utando wa namna hiyo hiyo. Kati ya tando hizo mbili pana nafasi ambayo kwa mtu mwenye afya ina mililita chache tu za majimaji ya kulainisha, ili pafu liteleze mtu anapopumua. Kifua kikuu, saratani, nimonia au moyo uliochoka vinaweza kuijaza nafasi hiyo hata lita 2 au zaidi, na pafu likasukumwa na kunywea. Hayo ni maji yanayozunguka pafu. Maji yaliyo ndani ya pafu lenyewe ni ugonjwa mwingine, hutibiwa kwa oksijeni na dawa za kukojoza, na hakuna anayetoboa kifua kwa ajili yake. Kamera tunayoizungumzia huingia kwenye ile nafasi ya kati ya tando, na pafu huonekana kwa nje. Inayoingia ndani ya njia za hewa ni ile nyembamba inayopitishwa puani au mdomoni, nayo ina kazi zake.

Hakuna anayeanza na kamera. Kwanza sindano, ikiongozwa na altrasaundi. Maji hupimwa protini, sukari, aina ya chembe, vimelea na seli za saratani. Kwa kipimo hiki cha mwisho ni vyema kupeleka mililita 25 hadi 50, si matone machache ndani ya bomba la sindano. Tatizo ni kwamba majibu ya "hakuna kilichoonekana" hayamaanishi kwamba hakuna kitu. Kwa saratani iliyofika kwenye tando hizo, seli zake huonekana kwenye maji kwa wagonjwa wapatao 6 kati ya 10. Kurudia sindano mara ya pili huongeza kidogo. Ya tatu na ya nne huongeza karibu sifuri, huku siku zikienda na nyuzi zikianza kujijenga kifuani. Kwa kifua kikuu hali ni ngumu zaidi: maji hujaa kwa sababu mwili unapambana na vimelea vichache sana, na vimelea hivyo viko kwenye utando zaidi kuliko kwenye maji. Ndiyo maana kuvitafuta kwa hadubini kwenye maji huambulia patupu mara nyingi, na hata vipimo vya kisasa vya vinasaba huvikosa.

Kwa hiyo inahitajika nyama ya utando. Ipo sindano nene ya kuchuna kinyama bila kuona, nayo si ya kudharauliwa: kifua kikuu hutapakaa kwenye utando karibu kote, kwa hiyo popote utakapochuna una nafasi nzuri ya kukipata. Saratani hukaa kwa madoa madoa, na hupenda sehemu za chini karibu na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), ambako sindano isiyoona haifiki. Hapo ndipo kamera inapojilipa. Ikiwa mikononi mwa anayeijua, jibu hupatikana kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10.

Wala si teknolojia ya juzi, ingawa huuzwa hivyo. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliandika mwaka 1910 kuhusu kutazama ndani ya kifua na tumbo kwa kutumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Baadaye njia hiyo ilitumika kuunguza nyuzi zilizozuia pafu lenye kifua kikuu lisinywee, maana wakati huo kulifanya pafu linywee ndiyo ilikuwa tiba. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, chombo kikawekwa kabatini, kikarudi kwa nguvu miaka ya 1990 baada ya kamera za video kuwa ndogo na angavu.

Sasa kwenye mchanganyo. Zipo taratibu mbili. Ya kwanza hufanywa kwa ganzi na dawa kidogo ya kutuliza, mgonjwa akipumua mwenyewe, kwa tundu moja au mawili. Kusudi lake ni kutazama, kuchukua nyama ya utando wa ukutani na kumaliza maji. Ya pili hufanywa kwa nusukaputi, pafu moja likiwa limezimwa, kwa tundu 1 hadi 3. Humo daktari anaweza kukata kipande cha pafu au kutoa tezi. Makala ilichukua ganzi ya ile ya kwanza ikaipa kazi za ile ya pili. Mgonjwa anayeambiwa atakatwa kipande cha pafu akiwa macho ana haki ya kukimbia.

Katika utaratibu wa ganzi, jambo linaloamua kila kitu hutendeka kabla ya wembe kugusa ngozi. Mgonjwa hulala kwa upande ulio mzima, mkono wa upande wenye maji ukiinuliwa juu ya kichwa, mto ukiwekwa chini ya kifua ili nafasi za mbavu zifunguke. Akiwa katika mlalo huo huo, daktari huweka altrasaundi. Anatafuta maji yenye kina, pafu linaloteleza na kiwambo kilipo. Kipimo cha jana kilichofanywa mgonjwa akiwa amekaa hakitoshi, kwa maana maji huhama na kiwambo hupanda mtu akilala. Pafu likiwa limegandamana na ukuta hapana nafasi ya kuingilia, na atakayelazimisha atalitoboa. Maji yakionekana yamegawanyika kwa nyuzi kama utando wa buibui, kazi bado inawezekana, lakini mahali pa kuingilia pachaguliwe kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mambo mengine ya maandalizi yanajulikana: chakula kisimame saa 6 kabla, dawa za kuyeyusha damu zisimamishwe kwa siku zinazolingana na aina ya dawa, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuzuia kutoka damu) na kipimo cha kuganda damu viangaliwe. Mwenye kikohozi kisichotulia, anayelimbikiza hewa chafu kwenye damu au mwenye moyo usiotulia aahirishwe.

Mahali pa kuingilia mara nyingi ni mstari wa katikati ya kwapa, kati ya ubavu wa 4 na wa 7. Ganzi ya lidokeini ya asilimia 1 isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 atapata miligramu 180, yaani mililita 18. Hizo lazima zigawanywe vizuri: ngozi, misuli, ngozi ya mfupa wa ubavu, kisha utando wa ukutani, ambao ndio wenye maumivu makali kuliko vyote. Utando wa pafu lenyewe hauhisi maumivu. Anayemaliza ganzi yote kwenye ngozi atamsikia mgonjwa akipiga kelele dakika tano baadaye.

Halafu ubavu. Chini ya kila ubavu, kwenye mfereji wa ukingo wake wa chini, hupita vena, ateri na neva. Juu ya ubavu yapo matawi madogo tu. Ukiwa kati ya ubavu wa 5 na wa 6, chombo kiambae ukingo wa juu wa ubavu wa 6. Mkato una urefu wa sentimita 1 hivi. Misuli haikatwi kwa wembe bali hupanuliwa kwa koleo butu hadi kwenye utando, kisha unasukumwa mrija wa kupitishia kamera, trokari, wenye kipenyo cha milimita 7 hadi 10. Kwa wazee ateri ya ubavu hupindapinda na inaweza kuning'inia hadi katikati ya nafasi, hasa kuelekea uti wa mgongo. Hii ni sababu nyingine ya kukaa kwenye mstari wa kwapa na kuacha mgongo.

Trokari ikifika ndani, hewa huingia kwa mlio na pafu hujitenga na ukuta. Wasomaji huogopa jambo hili, na hapa ndilo linalomlinda mgonjwa. Mtu akitolewa maji kwa mrija uliofungwa usiopitisha hewa, inashauriwa kusimama karibu na lita 1.5 kwa mkupuo, au kabla ya hapo akianza kukohoa au kubanwa kifua, kwa kuwa pafu lililonywea kwa muda mrefu likinyooshwa ghafla huweza kujaa maji ndani yake. Kwenye utaratibu wa kamera hewa huchukua nafasi ya maji kadiri yanavyotoka, shinikizo halishuki ghafla, na hata lita 3 zinaweza kutolewa kwa utulivu. Hatari huhamia baadaye, wakati wa kulinyoosha pafu. Hapo haraka haifai, na mashine ya kuvuta isifunguliwe kwa nguvu dakika za kwanza.

Kutazama kuna mpangilio wake: kilele cha kifua, ukuta wa mbavu, kiwambo, kona ya chini kabisa. Saratani mara nyingi huonekana kama vinundu vilivyotapakaa, kifua kikuu kama punje ndogo nyeupe juu ya utando mwekundu uliovimba, lakini jicho hudanganya na vyote vinaweza kufanana. Ni patholojia, yaani uchunguzi wa nyama kwa hadubini, itakayoamua. Kinyama huchukuliwa juu ya mfupa wa ubavu, koleo likigusa na kuhisi ugumu kabla ya kuuma, kisha utando huchunwa kwa kuvutwa pembeni kama anayebandua ganda. Kati ya mbavu hakuchunwi. Utando wa pafu nao huachwa, kwani ukichunwa utavuja hewa. Vipande visipungue 5, na 10 ni bora pale utando uliponenepa, maana kipande cha juujuu kinaweza kuleta majibu ya mafuta na makovu matupu.

Tunataka tuseme wazi kuhusu vichupa, kwa sababu hapa kazi nzuri huharibiwa na jambo dogo. Vipande vya patholojia huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10. Vipande vya kuoteshea kifua kikuu au kwa kipimo cha vinasaba vyake huwekwa kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali, yasiyo na fomalini hata tone. Fomalini huua kimelea, na kilichokufa hakioti. Muuguzi akiandaa vichupa viwili vyenye lebo kabla mgonjwa hajaingia, kosa hili halitokei. Vikiandaliwa baada ya daktari kuuliza "chupa iko wapi", hutokea.

Ikiwa ni saratani na maji hurudi kila mara, daktari anaweza kupuliza unga wa talki, gramu 4 hadi 5, ili tando mbili zishikane na nafasi ifungwe. Talki hiyo ni ya hospitali: imesafishwa vijidudu, haina asbestosi, na punje zake zimechujwa zile ndogo sana, kwani hizo huingia kwenye damu na kuweza kuchoma mapafu. Unga wa kupaka watoto si mbadala wake. Na isipulizwe kabla ya kujua kama pafu litanyooka. Pafu lililofungwa na ganda gumu haliufikii ukuta, na talki itakuwa imemwagwa bure. Mgonjwa wa aina hiyo hufaa zaidi kuwekewa mrija laini wa kudumu unaotoa maji nyumbani kidogo kidogo. Homa na maumivu baada ya talki, siku moja au mbili, ni vitu vya kutarajiwa.

Kisha mrija wa kifua, namba 20 hadi 24, yaani unene wa takriban milimita 7 hadi 8, uliounganishwa na chupa ambayo ncha ya mrija imezama sentimita 2 kwenye maji. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote, hata mgonjwa anaposukumwa kwenda eksirei. Viputo vikiendelea kutoka, mrija usibanwe kamwe: hewa isiyo na pa kutokea hulisukuma pafu na moyo, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Maji ya kwenye mrija yanapaswa kupanda na kushuka kwa pumzi. Yakisimama, angalia kwanza kama mrija umejikunja chini ya mgonjwa, kisha kama damu imeganda ndani yake. Vyote vikiwa salama, huenda pafu limenyooka na kuujaza upande wake, jambo ambalo eksirei itathibitisha. Kama hapakuwa na talki na viputo vimekoma, mrija huweza kutoka siku hiyo hiyo. Kwa aliyewekewa talki husubiriwa hadi maji yashuke chini ya mililita 150 hadi 250 kwa saa 24. Makala iliposema kila mgonjwa "huenda nyumbani baada ya dakika 20", ilihesabu muda wa kutazama ikaisahau chupa.

Utaratibu wa nusukaputi tutaugusa kwa ufupi. Mgonjwa huwekewa kooni mrija wenye njia mbili, moja kwa kila pafu, ili lile linalochunguzwa lizimwe. Mrija huu huhama. Ukaguliwe kwa kamera nyembamba ya njia za hewa mara baada ya kuwekwa, na tena baada ya kumgeuza mgonjwa ubavu, kwa sababu sentimita moja tu inatosha kuziba njia ya hewa ya sehemu ya juu ya pafu. Oksijeni ikishuka katikati ya kazi, dawa ya usingizi isilaumiwe kwanza: ongeza oksijeni hadi asilimia 100, kagua mrija, nyonya makohozi, lipe shinikizo dogo pafu linalofanya kazi, na ikibidi lipulize tena lile lililozimwa. Daktari wa upasuaji atangoja.

Tofauti na tumboni, hapa hapana haja ya kusukuma gesi, kwani mbavu zenyewe hushikilia nafasi wazi. Gesi ikitumika iwe kwa shinikizo dogo, la sivyo itaubana moyo. Matundu hupangwa kwa umbali unaoacha vyombo vikutane mbele ya kamera bila kupigana. Kinundu chenye upana chini ya sentimita 1 kilichozama ndani ya pafu hakionekani wala hakishikiki kwa kidole kupitia tundu dogo, kwa hiyo huwekewa alama kabla, kwa waya au rangi, chini ya skani. Asiyefanya hivyo hujikuta akikata kipande baada ya kipande akitafuta.

Seti ya kufungua kifua ikae chumbani, imehesabiwa, tayari. Mshipa mkubwa wa pafu ukichanika, hatua ya kwanza ni kugandamiza kwa pamba iliyoshikwa na koleo refu, kisha kutulia na kuamua. Kupanua mkato wakati huo ni sehemu ya utaratibu, na fomu ya ridhaa inapaswa kulitaja tangu mwanzo. Tunaona magazeti yakiandika kwamba upasuaji "ulishindikana wakalazimika kupasua", na daktari anayesoma vichwa vya habari vya aina hiyo ndiye atakayechelewa dakika tano asizopaswa kuchelewa.

Maumivu nayo hayalingani na udogo wa tundu. Trokari ngumu ikikandamiza neva dhidi ya ubavu, au chombo kikitumiwa kama mtaimbo, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi au kuwaka moto chini ya titi kwa miezi. Trokari laini, matundu machache na ganzi iliyodungwa kando ya neva kabla ya kumaliza hupunguza sana.

Akishafika nyumbani, arudi hospitali bila kungoja miadi kama pumzi inambana upya, kama shingo au kifua kinavimba na kikiguswa kinatoa sauti ya mikwaruzo chini ya ngozi, kama homa inapanda au kidonda kinatoa usaha.

Kuhusu mchoro, Mhariri, ukichorwa upya tunaomba uoneshe ubavu wa 5 na wa 6 uliokatwa kwa upande. Chini ya ubavu wa 5, kutoka juu kwenda chini, ziwepo vena, ateri na neva. Trokari ipite ikiambaa ukingo wa juu wa ubavu wa 6. Maji yachorwe nje ya pafu, pafu likiwa limejitenga na ukuta, na ncha ya kamera iishie ndani ya nafasi hiyo bila kuligusa.

Wasomaji wako,
Madaktari na wauguzi wa upasuaji wa kifua